Pierre Curie: Kutoka Fuwele ya Sukari Hadi Ndani ya Mfupa

Ukiuliza darasani Curie ni nani, wengi watakujibu haraka: Marie, yule mama wa radiamu, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel. Jibu ni sahihi kabisa. Ila yupo Curie mwingine ambaye tunampita kama basi linavyopita kituo kisicho na abiria. Huyo ni Pierre, mumewe. Jamaa alishagundua jambo kubwa miaka 15 kabla ya kuoa, akiwa kijana wa miaka 21, umri ambao wengi wetu ndio kwanza tuko mwaka wa pili tunahangaika na sapu. Na jambo alilogundua, ndugu msomaji, unatembea nalo. Limo kwenye saa ya mkononi, limo kwenye kile kiberiti cha kubonyeza cha jiko la gesi, na limo ndani ya mfupa wa paja lako.

Mtoto asiyekwenda shule

Pierre alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 15 Mei 1859, katika mtaa wa rue Cuvier. Baba yake, Eugène Curie, alikuwa daktari aliyependa utafiti lakini hakuwa na fedha za kuufanya, hivyo alitibu wagonjwa ili familia ile. Alikuwa pia mtu wa msimamo. Mwaka 1871, Paris ilipokuwa vitani na nafsi yake wakati wa uasi wa Komuni, daktari huyu aligeuza nyumba yake kuwa mahali pa kutibia majeruhi. Pierre alikuwa na miaka 11 tu wakati ule.

Sasa sikia hili: Pierre hakupelekwa shule. Wazazi wake walimwona ni mtoto mzito wa kubadilisha mawazo. Akishika jambo moja hawezi kuliacha akashika la pili kwa sababu kengele imelia. Badala ya kumlazimisha, wakamfundisha nyumbani, mama, baba na kaka yake Jacques. Alizunguka porini na mashambani nje ya jiji akiokota mimea na wadudu. Alipofika miaka 14 akapata mwalimu wa hisabati, Albert Bazille, na hapo ndipo kichwa kilipofunguka. Akiwa na miaka 16 alifaulu mtihani wa kuingia chuo kikuu, na akiwa na miaka 18 alishapata shahada ya kwanza ya fizikia.

Tusidanganyane kwamba siri ya kufaulu ni kukimbia shule. Siri yake ilikuwa kwamba watu wa nyumbani kwake walimtazama mtoto wao alivyo, wakampa muda. Wangapi kati yetu tumeitwa wazito kwa sababu tu tunachukua wiki nzima kwenye swali ambalo mwenzetu amelimaliza usiku mmoja kwa kukariri?

Ndugu wawili na sukari

Hapakuwa na fedha za kumwezesha Pierre kuendelea moja kwa moja na udaktari wa falsafa. Mwaka 1878 akachukua kazi ya msaidizi wa maabara pale Sorbonne, kazi ya kuandaa vifaa vya wanafunzi. Kaka yake Jacques, aliyemzidi miaka mitatu na kitu, alikuwa msaidizi katika maabara ya madini. Yaani ni vijana wawili wa kuosha vyombo na kupanga meza, lakini jioni wana lao jambo.

Ilishajulikana zamani kwamba jiwe liitwalo turmalini likipashwa joto huvuta majivu, kwa maana ya kwamba linapata chaji za umeme. Ndugu hawa wakajiuliza: joto linafanya nini ndani ya jiwe? Linazisogeza chembe zake. Basi kama kusogea ndiko kunakoleta umeme, je, tukilibana jiwe lenyewe, tukazisogeza chembe kwa nguvu badala ya joto, umeme hautatoka?

Wakakata fuwele kwa vipimo maalumu, wakabandika karatasi nyembamba za bati pande mbili, wakaunganisha waya na chombo cha kupimia chaji, kisha wakabana. Sindano ikacheza. Wakaongeza uzito, chaji nayo ikaongezeka kwa kadiri ileile. Wakavuta badala ya kubana, alama ya chaji ikageuka. Mwaka 1880 wakatangaza matokeo yao kwa fuwele kadhaa: turmalini, kwatzi, topazi na nyinginezo, zikiwemo fuwele za sukari ya miwa. Ndiyo, sukari hii hii ya kwenye chai. Jambo hilo likaja kuitwa piezoelektriki, kwa Kiswahili chepesi umeme wa kubanwa.

Kwa nini sukari ndiyo, na chumvi ya mezani hapana? Ndani ya kila fuwele kuna chaji chanya na hasi zilizopangwa kwa safu. Ukiwa hujaigusa, zinafutana. Katika fuwele ya chumvi kila chembe ina pacha wake upande wa pili wa kitovu, kwa umbali uleule. Ukibana, chembe moja ikisogea huku, pacha wake anasogea kule kwa kiasi kilekile, na hesabu inabaki sifuri. Fuwele ya sukari haina kitovu cha namna hiyo. Ukibana, chanya zinasogea zaidi upande mmoja na hasi upande mwingine, hakuna pacha wa kusawazisha, na uso mmoja unapata chaji chanya wakati wa pili unapata hasi. Kwa maneno mengine, umeme unatoka kwa sababu ya kasoro katika ulinganifu. Tuliweke akilini hilo, tutalirudia.

Mwaka uliofuata, 1881, Gabriel Lippmann alionyesha kwa hesabu kwamba lazima kinyume chake nacho kiwepo: ukiipa fuwele umeme, itajikunja au kujinyoosha. Ndugu wa Curie hawakununa kwamba wamewahiwa wazo. Wakaingia maabara, wakapima, wakathibitisha ni kweli. Saa ya kwatzi iliyoko mkononi mwako inategemea jambo hilo: umeme wa betri unakitetemesha kipande kidogo cha kwatzi mara 32,768 kila sekunde, na saa inahesabu.

Mshahara mdogo, miaka mingi

Mwaka 1883 Jacques alihamia Montpellier kufundisha, na ndugu wakatengana. Pierre alibaki Paris, akasimamia maabara ya Shule ya Fizikia na Kemia ya Viwandani, shule changa iliyokuwa imefunguliwa mwaka 1882. Hapo alikaa miaka zaidi ya 20. Mshahara ulikuwa kiduchu. Hakuwa na maabara yake mwenyewe wala fungu la utafiti, alifanyia kazi zake kwenye korido na kwenye vyumba vya wanafunzi wakishatoka.

Ila kazi zilizotoka kwenye korido hizo si za mchezo. Alipima sumaku za vitu mbalimbali kwenye joto la hadi kama nyuzi 1,400 za Selsiasi, akaonyesha kwamba kila kitu chenye usumaku mkali kina kiwango chake cha joto ambapo usumaku huo unapotea. Kwa chuma ni karibu nyuzi 770. Leo wanafunzi wa fizikia dunia nzima wanakiita kiwango hicho kwa jina la Curie. Halafu mwaka 1894 akaandika makala kuhusu ulinganifu katika matukio ya asili. Wazo lake, kwa ufupi: usitafute tu kilicho sawa, tafuta kilichokosekana. Pale ulinganifu fulani unapokosekana ndipo tukio linapata mlango wa kutokea. Ni somo lilelile la sukari na chumvi, sasa limepanuliwa hadi kuwa kanuni.

Na pamoja na yote hayo, hakuwa na shahada ya udaktari. Hakuona haraka. Lord Kelvin, mwanafizikia mkubwa wa Uingereza, aliandikiana naye barua mwaka 1893 kuhusu chombo chake cha kwatzi, wakati huko kwao Paris bado alikuwa mtu wa korido. Aliitetea tasnifu yake Machi 1895, akiwa na miaka 35.

Kazi ya kikundi

Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekutana na mwanafunzi kutoka Poland, Maria Skłodowska, aliyekuwa anatafuta nafasi ya maabara. Walioana Sceaux, nje kidogo ya Paris, tarehe 26 Julai 1895. Hapakuwa na mbwembwe. Fedha za zawadi wakanunua baiskeli mbili, wakaenda kuzunguka vijijini.

Mwishoni mwa 1897, muda mfupi baada ya kumzaa binti yao Irène, Marie alichagua kuchunguza mionzi ya urani ambayo Henri Becquerel alikuwa ameigundua mwaka 1896. Tatizo lilikuwa kipimo. Mionzi hiyo huifanya hewa ipitishe umeme, lakini umeme wenyewe ni mdogo mno, haushikiki kwa vyombo vya kawaida. Dawa ilikuwa rafuni: kipande cha kwatzi cha ndugu wa Curie. Marie alitundika uzito kwenye kwatzi, nayo ikatoa chaji kidogo inayojulikana kiasi chake, ya kuusawazisha ule umeme wa mionzi. Kisha akahesabu muda kwa saa. Bila umeme wa kubanwa wa mwaka 1880 kupima kule kusingewezekana kwa uhakika ule.

Kwa chombo hicho Marie aligundua kwamba baadhi ya mawe yenye urani yanatoa mionzi mingi kuliko urani tupu. Lazima humo kuna kitu kingine. Pierre alipoona hivyo akaziacha fuwele zake, akajiunga na mradi wa mkewe. Julai 1898 wakatangaza poloniamu, Desemba wakatangaza radiamu. Miaka iliyofuata walifanya kazi kwenye banda linalovuja la rue Lhomond, Marie akikoroga vyungu vya mawe yaliyosagwa, Pierre akipima. Mwaka 1902 Marie alikuwa na sehemu ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiamu, iliyotokana na tani za mabaki ya mawe. Njia ya kuitenga hawakuiwekea hataza. Wakaichapisha, kila mtu aisome bure.

Mwaka 1903 ikaja habari ya Nobel. Pendekezo lililopelekwa kutoka Ufaransa lilimtaja Becquerel na Pierre peke yao. Marie hayumo. Mwanahisabati wa Sweden, Mittag-Leffler, alimdokeza Pierre mambo yalivyo. Pierre akajibu kwamba kama wanamfikiria yeye kweli, basi waangalie yeye na Marie kwa pamoja. Jina likaingizwa.

Tulisome hili polepole, maana linatuhusu. Sote tunazijua zile kazi za kikundi ambazo mmoja anapiga msuli hadi alfajiri, wengine wanakuja asubuhi kuuliza karatasi ya majina iko wapi. Tunajua pia vikundi ambavyo binti ndiye aliyefanya hesabu zote lakini siku ya kuwasilisha anayesimama mbele ni kaka mwenye sauti nzito. Pierre alikuwa anapewa heshima yote bila kuomba. Kunyamaza tu kungetosha. Hakunyamaza. Bila barua hiyo huenda leo tungelifahamu jina la Marie kama tunavyolifahamu la Jacques, yaani hatulifahamu.

Mwaka huohuo alikataa nishani ya Ufaransa ya Légion d'honneur. Alichokuwa anataka ni maabara.

Mwili unavyolipa

Lipo jambo ambalo hawakulijua mapema. Pierre aliwahi kujifunga radiamu mkononi kwa makusudi, kwa masaa kadhaa, ili aone ngozi itafanya nini. Ngozi iliungua, likatoka donda lililochukua majuma mengi kupona. Aliandika alichokiona kama anavyoandika mtu anayesoma mizani. Kutokana na uchunguzi wa namna hiyo madaktari wakaanza kuitumia radiamu kuunguza uvimbe, na tiba ya saratani kwa mionzi ikapata mwanzo. Lakini vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, na miguu ilimuuma usiku hadi hakulala. Madaktari wakasema ni baridi yabisi. Leo tunajua kwamba radiamu, kwa kuwa tabia yake ya kikemia inafanana na ya kalsiamu, ikiingia mwilini hukimbilia mifupani na kukaa humo.

Mwaka 1900 alikuwa amepata nafasi ya kufundisha fizikia kwa wanafunzi waliokuwa wanajiandaa na udaktari wa tiba, katika majengo ya rue Cuvier, mtaa uleule aliozaliwa. Mwaka 1904 ndipo akapewa uprofesa wa Sorbonne, na Desemba ya mwaka huo akazaliwa binti wa pili, Ève. Mwaka 1905 akaingia Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, baada ya kukataliwa mwaka 1902.

Alhamisi tarehe 19 Aprili 1906, mvua ikinyesha, alikuwa akivuka rue Dauphine. Aliteleza mbele ya mkokoteni mzito wa kukokotwa na farasi, na gurudumu la nyuma likampasua fuvu. Alikufa palepale, miaka 46. Marie alipewa nafasi yake ya kufundisha, na Novemba mwaka uleule akasimama mbele ya darasa lake, mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne.

Mfupa nao unaongea

Hadithi ya sukari na kwatzi haikuishia rue Dauphine. Miaka 51 baadaye, mwaka 1957, Wajapani wawili, mwanafizikia Eiichi Fukada na daktari wa mifupa Iwao Yasuda, walikata vipande vya mfupa mkavu wa binadamu na wa ng'ombe kama vile ndugu wa Curie walivyokata fuwele. Wakavibana. Umeme ukatoka. Nguvu yake ilikuwa ndogo, takriban moja ya kumi ya ule wa kwatzi, lakini upo, na kinyume chake nacho kikapatikana.

Umeme huo unatoka wapi? Mfupa una sehemu kuu mbili: madini magumu yenye kalsiamu, na nyuzi za protini iitwayo kolajeni, ileile iliyoko kwenye kano, gegedu na ngozi. Madini hayo huhesabiwa upande wa chumvi, yana kitovu cha ulinganifu. Kolajeni iko upande wa sukari. Kila uzi wake ni minyororo mitatu iliyosokotwa kama kamba ya mkonge, na kila mnyororo una mwanzo na mwisho usiofanana. Hauna pacha. Nguvu inapozitelezesha nyuzi hizi, moja ikisuguana na jirani yake, chaji zinahama. Baadaye Fukada aliona jambo hilo hata kwenye kano, ambayo kwa sehemu kubwa imejengwa kwa kolajeni. Kanuni ni ileile ya korido ya 1894: ulinganifu ukikosekana, tukio linapata mlango.

Kwa madaktari wa mifupa hili lilikuwa kama kupata ufunguo. Tangu 1892 Mjerumani Julius Wolff alikuwa ameeleza kwamba mfupa hujijenga kufuata mzigo unaoubeba. Ndiyo maana mkono wa mcheza tenisi anaopigia una mfupa mnene kuliko mwingine, na wanaanga wanaokaa angani bila uzito hupoteza kama asilimia 1 ya msongamano wa mifupa yao kila mwezi. Ila mfupa unajuaje kwamba umebebeshwa? Umeme wa kolajeni ulionekana ndiyo jibu.

Tuwe wakweli, jibu halijawa jepesi hivyo. Mfupa ulio hai si mkavu, umeloa. Ukiubana, maji yenye chumvi husukumwa kwenye vijifereji vyake vidogo, nayo yanapotiririka huzalisha umeme wake, ambao watafiti wengi wanauona ni mkubwa kuliko wa kolajeni. Na chembe hai za mfupa zinahisi pia kusukumwa kwenyewe, bila umeme. Mjadala unaendelea, na kwa mwanafunzi wa fizikia, tiba au uhandisi anayetafuta mada ya mradi, hapo pana shamba ambalo halijalimwa likaisha.

Basi mwenzangu, ukitoka maktaba usiku huu umechoka, ukapandisha kile kilima cha kuelekea hosteli, kumbuka kwamba kila hatua inazibana nyuzi za kolajeni kwenye paja lako na chaji kidogo inahama. Pierre Curie, aliyewafundisha wanafunzi wa tiba na ambaye mifupa yake mwenyewe ilimuuma usiku, hakuwahi kulijua hilo. Alichokuwa amefanya ni kuuliza swali moja kuhusu sukari, kuliulizia kwenye korido, na kutokuwa na haraka nalo.